Kifurushi kikiisha, mtoto wa Kigoma anaangalia nini?

Mi ni fundi madishi, nina kibanda Mwanga hapa Kigoma mjini, na kazi yenyewe inaniingiza sebuleni kwa watu wa kila aina, kuanzia kwa mabosi wenye tivii imejaa ukuta mzima mpaka kwa bibi wa Katonga mwenye kitivii cha sola alichonunuliwa na mjukuu aliyeko Dar. Simu ninazopigiwa nyingi zinafanana. Fundi njoo, king'amuzi kimekufa. Napanda boda naenda, nashika rimoti, kumbe hakijafa wala nini, kifurushi kimeisha wiki ya pili sasa na mwenye nyumba hataki kusema mbele ya mkewe kwamba hela ya kulipia hana, basi nachezesha waya pale nyuma, napuliza vumbi, namwambia mzee hii itakaa sawa ukilipia, tunaelewana kwa macho, ananipa buku mbili ya nauli naondoka.

Kwenye hizo nyumba karibu zote kuna watoto kwenye mkeka, watatu wanne, wamekodolea kile kilichobaki. Na kikiisha kifurushi kinachobaki ni TBC, lile shirika la utangazaji la serikali, na chaneli chache za ndani, kutegemea una king'amuzi gani. Siku moja nimekuta wanaangalia uzinduzi, chaneli siitaji, mheshimiwa anaelezwa na injinia kipenyo cha bomba la maji, robo saa nzima, na mdogo wao kama wa miaka minne akanigeukia akaniuliza, anko, katuni umezipeleka wapi? Yani aliniona nimeshika rimoti akajua mimi ndo nimezitoa.

Nimekuwa nalifikiria hilo swali kila msimu wa bajeti ukifika na watu wakianza tena ule ubishi wa miaka yote, serikali ina haja gani kulisha shirika la utangazaji kwa kodi zetu wakati tivii za watu binafsi zimejaa na simu kila mtu anayo. Mi naona ubishi wote umekaa vibaya kwa sababu tunabishania jengo la Dar wakati cha kubishania ni kitu gani kinamfikia nani na saa ngapi. Msimamo wangu nautoa kabisa hapa mwanzoni: serikali itoe hela, tena ya kueleweka, ila iitoe kwa ajili ya vipindi vya watoto na kwa ajili ya mawimbi kufika kwetu huku, na hiyo hela ikae kwenye kapu lake isichanganywe na hela ya mishahara na magari ya shirika.

Nianze na soko, maana ndo hoja ya wapinzani. Wanasema soko litaleta. Haya, tulikuwa na soko tangu 1993 sheria iliporuhusu watu binafsi kuanzisha vituo, mwaka uliofuata tivii zikaanza huko Dar, na ni kweli zimetuletea mengi, muziki, tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili, mpira ndo usiseme. Lakini tivii ya biashara inaishi kwa matangazo, na mwenye tangazo anataka mtu mwenye hela mfukoni. Mtoto wa miaka mitano hanunui sabuni wala bima wala kifurushi cha simu. Anachoweza kufanya ni kumlilia mama soda na biskuti, kwa hiyo ukimwachia soko mtoto utapata soda na biskuti, au utapata katuni za nje zilizonunuliwa kwa jumla, za Kiingereza, ambazo ziko kwenye kifurushi kikubwa ambacho wateja wangu wanalipia mwezi wa Desemba peke yake.

Alafu kuna soko la pili ambalo watu wa Dar hawalioni, soko la mahali. Sisi huku ni mwisho wa reli. Mkoa una watu karibu milioni mbili na nusu kwa sensa ya 2022, sio wachache hata kidogo, ila wengi ni wakulima na wavuvi, mihogo, maharage, mawese, dagaa, na hakuna kampuni ya matangazo inayokaa mezani inasema tuweke mtambo nyuma ya milima ya Buhigwe tuwauzie. Kwa hiyo mtoto wa huku yuko nje ya soko mara mbili, kwanza kwa umri wake, pili kwa anuani yake.

Na mawimbi ni kitu cha kweli, sio maneno ya bungeni. Mi napanda juu ya mabati na antena kila siku najua. Kijiji kikikaa upande mbaya wa kilima unazungusha antena mpaka shingo inauma unapata mchelemchele. Ukienda kule juu ziwani, Kagunga, jioni ukawasha redio Bujumbura inaongea kabla ya Dodoma, na ukivusha mshale kidogo unapata Wakongo. Sina ubaya na jirani, muziki wa Kongo ndo tumeukulia, ila mtoto wa Kitanzania ambaye redio yake inamsikilizisha nchi mbili za jirani vizuri kuliko ya kwake, huyo ni mtu ambaye soko limeshampigia hesabu na kumwacha. Wabunge wa mipakani wanauliza usikivu wa TBC karibu kila bajeti, na kiukweli mitambo imeongezwa miaka ya karibuni, hilo nalikubali.

Sasa kuna utafiti mmoja nataka niueleze taratibu kwa sababu umenifurahisha kama fundi. Kule Marekani mwaka 1969 walianzisha kipindi cha watoto, Sesame Street, cha kuwafundisha herufi na namba kabla hawajaanza shule, na kilianza kwa kama dola milioni 8 ambazo karibu nusu zilitoka serikalini na nyingine kwenye mifuko kama Carnegie na Ford. Sasa wakati ule tivii zao zilikuwa na bendi mbili, VHF ambayo inashika vizuri na UHF ambayo ilikuwa ya shida, mchelemchele mtupu, na tivii nyingi za zamani zilikuwa hazina hata uwezo wa kuipokea. Boston kituo cha umma kilikuwa VHF, Los Angeles kilikuwa UHF. Kwa hiyo bila mtu yeyote kupanga, watoto wa mahali fulani walikiona kipindi safi na wa mahali pengine wakawa wanaona mvua. Mwaka 2015 wachumi wawili, Melissa Kearney na Phillip Levine, wakachukua takwimu za sensa wakafuatilia wale watoto. Waliokulia sehemu zenye mawimbi mazuri walikuwa na nafasi ndogo ya kubaki nyuma ya darasa la umri wao, na waliofaidika zaidi ni wavulana na watoto weusi. Wakapiga na gharama, ikaja kama dola 5 kwa mtoto kwa mwaka kwa thamani ya hela ya leo.

Dola tano! Na kilichotenganisha watoto hapo ni antena. Shule hazikubadilika, wazazi walibaki walewale, mnara tu na bendi. Mi nikisoma hiyo naiona Kigoma mjini na naiona Kagunga, naona nani anapata Boston na nani anapata Los Angeles.

Mtu atasema hiyo ni Marekani ya zamani. Sawa, njoo Morogoro. Hapa hapa kwetu wapo Ubongo, vijana wa Dar waliotengeneza Ubongo Kids ikaanza kuruka TBC1 mwaka 2014, baadae wakaja na Akili and Me ya wadogo zaidi, na utafiti ulifanyika Morogoro kwa watoto zaidi ya 500, wengine wakaangalia Akili and Me wengine vipindi vingine, na walioiangalia wakafanya vizuri zaidi kwenye kutambua namba na maumbo na kuchora na kuhesabu. Vipindi vimetengenezwa Tanzania, sura ni za kwetu, mbuzi ni mbuzi wa kwetu, leo vinaonyeshwa nchi kibao mpaka kwa Kihausa na Kinyarwanda. Na hela yake? Sehemu kubwa ni ya wafadhili wa nje. Hapo ndo pananiuma. Kitu kizuri kabisa tulichonacho cha watoto kinasimama kwa mguu wa jirani, na mwaka 2025 tumeona wote misaada ya Marekani ilivyokatwa kama umeme, asubuhi ipo jioni haipo. Simaanishi hawa watakatiwa, najua tu kwamba siku mfadhili akiamua kuhamia kwenye mabadiliko ya tabianchi hatutakuwa na wa kumuuliza.

Na ajabu ni kwamba sisi hiki kitu tulikuwa tunakiweza. Sie tuliokua miaka ya 80 tulikuwa na redio moja mtaa mzima, National ya betri, na ikifika muda wa Mama na Mwana wa Debora Mwenda watoto wa nyumba nne mnakaa chini ya dirisha moja, hakuna anayepiga kelele, ukikohoa unafukuzwa. Ile ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, hela ya serikali. Kabla ya hapo, 1973, serikali hiyohiyo iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, redio katikati, watu kama milioni 2 wamekaa kwenye vikundi vijijini wanasikiliza somo alafu wanajadili alafu wanachimba vyoo. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo mara ngapi sijui. Sweden ilitia mkono kwenye ile kampeni, sifichi, ila waandaaji, watangazaji na mitambo vilikuwa vya kwetu, na ilifika mpaka Kasulu.

Haya sasa nije kwenye hoja ambayo hata mimi inanitesa. Wanasema serikali ikilipa serikali inaamua, mpiga zumari huchezea wimbo wa anayemlipa. Ni kweli na mfano tunao. Januari 2016 aliyekuwa waziri wa habari, Nape Nnauye, alisimama bungeni akasema TBC haitarusha tena Bunge laivu siku nzima kwa sababu ya gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, tukabaki na Leo katika Bunge usiku, vipande vilivyochaguliwa. Watu walilalamika sana na mimi nilikuwemo. Ukichukua hilo kama kipimo utasema bora lifungwe kila mtu ashike njia yake.

Lakini angalia hiyo hoja inagusa nini. Inagusa taarifa ya habari na siasa. Mtoto anayejifunza kwamba tatu na mbili ni tano hana chama. Ndio, najua hata huko wanaweza kupenyeza, mmekwishaona watoto wanafundishwa nyimbo za kusifu kabla hawajajua kufunga kamba za viatu, na siahidi kwamba hakutatokea mkubwa mmoja akataka katuni yenye sura yake. Ndo maana nasema kapu litengwe. Na kapu la namna hiyo hatuhitaji kwenda kujifunza ulaya, tunalo tayari, ni lile la Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Sheria yake ya 2006. Kampuni za simu zinachangia, alafu mfuko unatangaza zabuni, kijiji fulani hakina mtandao kwa sababu hakilipi kibiashara, nani atajenga mnara kwa ruzuku kiasi gani, anapewa anajenga. Serikali haijaanzisha kampuni ya simu kule Uvinza, imelipia pengo. Sasa fanya hivyohivyo kwa vipindi vya watoto: tangaza zabuni, Ubongo waombe, redio zetu za huku kama Joy FM waombe, vijana wa chuo wenye laptop na kipaji waombe, TBC wenyewe waombe, na sharti liwe moja, kikishatengenezwa kinaruka bure kwenye stesheni yoyote inayokitaka, na kwenye TBC lazima, saa ambayo mtoto yuko nyumbani.

Waingereza walijaribu kitu kama hicho 2019, mfuko wa vipindi vya watoto na vijana, walipanga pauni milioni 57 kwa miaka mitatu, vituo vya biashara vilivyokuwa vimepunguza sana vipindi vya watoto vikarudi kutengeneza. Ilipofika 2022 ikafungwa, muda wa majaribio umeisha na hela haikuongezwa. Funzo ninaloliona hapo ni kwamba ukiliweka kapu kwa jina la majaribio umeshaliandikia tarehe ya kufa. Kwao angalau BBC ipo na chaneli nzima ya wadogo, CBeebies, tangu 2002, inayolipwa kwa ada ya kila nyumba yenye tivii, ambayo kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Piga hesabu ni karibu laki sita zetu. Hapa nawaomba wachumi wa wizarani wasisome hiyo sentensi, maana kodi ya jengo iliingia kwenye LUKU mwaka 2021 tukiwa tumelala, ada ya tivii nayo haitashindwa. Tena mfumo wa ada hata Afrika Kusini umewashinda, ada ni randi 265 kwa mwaka na wasiolipa ni wengi kuliko wanaolipa. Kwetu itoke kwenye bajeti au kwenye tozo zinazokusanywa tayari na hiyo sekta, basi.

Kuhusu wanaosema kwanza madawati, kwanza maji, kwanza dawa, sina maneno mengi. Wana haki. Ila hesabu yake ni tofauti na wanavyofikiri, dawati wanakaa watoto watatu, na kipindi kimoja cha redio kikishatengenezwa mtoto wa milioni moja hakiongezei gharama hata senti. Na mwalimu mwenye darasa la kwanza lililofurika, ambalo nusu yake wamekuja shule wanajua Kiha peke yake kwa sababu Kiswahili nyumbani hakiongelewi, huyo anajua faida ya mtoto aliyeshasikia Kiswahili laini cha hadithi miaka miwili kabla. Kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo kipindi cha Kiha sikiombi, naomba tu Kiswahili ambacho kinajua kwamba kuna mtoto wa Kibondo anakisikia kwa mara ya kwanza. Korona ilituonyesha. Machi 2020 shule zikafungwa mpaka mwisho wa Juni, masomo yakaanza kurushwa redioni na kwenye tivii, vizuri kabisa, ila ulikuwa mpango wa dharura, dharura ikaisha na hamu ikaisha.

Na simu? Kila nikiongea hivi kuna mtu ananiambia watoto wa siku hizi wako YouTube. Watoto wa nani? Kwangu nyumbani simu yenye intaneti ni moja, naondoka nayo asubuhi, na nikirudi bando la buku mbili wakishika wao linaisha kabla ugali haujaiva. Na kwa wasio na tivii kabisa mbadala ni kibanda umiza, shilingi mia, muvi za kupigana zilizotafsiriwa, mtafsiri anatukana mpaka benchi zinacheka. Mi mwenyewe nimejifunza nusu ya matusi ninayoyajua humo humo.

Ndo maana nasema redio kwanza, kabla ya tivii. Redio haina kifurushi. Inakaa jikoni, inaenda shambani, inatumia betri au kipaneli cha elfu kumi na tano, na masafa ya FM kuyafikisha kijijini ni rahisi kuliko kufikisha picha. Tivii ifuate. Hata Marekani wenyewe, Julai 2025 Bunge lao lilipofuta dola bilioni 1.1 za miaka miwili za lile shirika linalosapoti vituo vya umma, na shirika Agosti likatangaza linafunga, walioumia kwanza hawakuwa New York, New York ina matajiri wa kuchangia. Ni vile vituo vidogo vya vijijini, Alaska huko, ambavyo sehemu kubwa ya hela yao ilitoka serikalini na hakuna mwingine wa kuwasaidia. Alaska ni Kigoma yao, ziwa na samaki na umbali.

Juzi nilipata bahati nikafunga dishi nyumbani kwa mtu anayefanya kazi na mbunge mmoja, sio lazima wa kwetu, na wakati nakaza nati nikamwambia mheshimiwa akiuliza tena usikivu, swali lake la msingi liwe hilohilo la mnara, ila la nyongeza aulize mnara ukishafika, saa kumi na mbili jioni utarusha nini kwa mtu wa miaka minne. Akacheka, akasema fundi swali zuri, andika kwenye karatasi. Nikaandika nyuma ya risiti ya kebo. Alafu akaniomba nimrudishie kwanza chaneli ya mpira, Simba anacheza saa moja.